Meno Sita ya Mzee Paulo

Orpah Photo Studio,
S.L.P. 47,
Rongo.

Jumapili, 8 Novemba 1998

Mpendwa ndugu yangu Mokua,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Kabla sijakwambia lolote la huku, niambie wewe: theluji imeshaanza? Mwaka jana uliandika kwamba ilikufika magotini. Nilimsomea Mama, akauliza kama watu wa huko wamekosa mahali pengine pa kuishi. Natumaini kifua hakikusumbui tena, na kwamba mkeo Roseline amepona ile shingo. Na mtoto Levi, anatembea sasa? Usinitumie habari zake kwa mistari miwili kama telegramu. Mimi ni shangazi, nataka kurasa.

Huku tu wazima, Mungu anatutunza. Goti la Mama limepoa. Sabato ya jana alitembea mwenyewe mpaka kanisani, akakataa kushikwa mkono, na alipofika akaketi mbele kabisa ili watu wamwone. Unaona kiburi changu nilikitoa wapi. Shemeji yako Monari bado anafundisha Homa Bay na hurudi nyumbani kila Ijumaa kabla jua halijazama. Trizah wetu anaanza mtihani wa darasa la nane juma hili. Amesoma mpaka amekonda. Mwalimu wake aliniambia nisimwombee kupita tu, nimwombee shule kubwa, nami nikamjibu kwamba hilo nimeliomba tangu mtoto akiwa darasa la kwanza.

Miwa yetu ilikatwa mwezi wa tisa, mahindi yako ghalani, na ng'ombe yule mweusi amezaa ndama jike.

Sasa tuje kwenye barua yako.

Ilinifikia tarehe tano Oktoba, na nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kukatika. Unasema kiwanda chenu cha uchapishaji kimepata nafasi ya kununua toleo jipya la ile programu ya picha uliyoniletea pamoja na kompyuta, na kwamba mwenye toleo la zamani anapewa kwa bei nafuu, lakini mwisho wa mwaka mlango unafungwa. Unataka nikwambie ndiyo au la, upesi, ili Bichage, huyo mtoto wa jirani yetu mnayeishi naye mji mmoja, akija nyumbani Desemba aibebe, pamoja na memori ya kuongeza kwenye kompyuta, kwa kuwa bila hiyo mashine yangu italemewa. Na unalisifu toleo hilo kama mtu anayeuza ng'ombe sokoni! Eti linaandika pembeni kila kitu unachofanya, na ukikosea unarudi nyuma hatua ishirini.

Hatua ishirini, Mokua! Nilicheka peke yangu studioni mpaka mteja akachungulia.

Wacha nikuungamie. Jibu nilikuwa nimeshaliandika. Lilikuwa fupi, nusu ukurasa, nikalifunga kwenye bahasha na stempu nikabandika. Lilisema: Asante ndugu yangu, la, sihitaji. Toleo langu hili linarudi nyuma hatua moja tu, na mara nyingi hata hiyo moja siigusi. Lipe wanaokosea mara ishirini.

Usione nilikuwa na majivuno ya bure. Mgala muue na haki yake mpe. Toleo hili nalijua kuliko jikoni kwangu. Kuna mzee aliniletea picha ya harusi yake ya mwaka 1959 katika vipande vinne, na kimoja kilikuwa kimetafunwa na mbuzi. Leo iko sebuleni kwake, na bibi harusi ana mikono yote miwili. Kuna kwaya nzima ya Migori niliyoifumbua macho, waimbaji saba, maana aliyewapiga aliwapiga wakiomba. Watu wanatoka Homa Bay wananipitia hapa Rongo, wakati huko kwao studio zipo. Hata Kisii mjini wananijua. Ubao wangu wa nje unasema HAPA PICHA ZILIZOKUFA HUFUFUKA. Mchungaji aliniita akaniambia maneno hayo yamezidi kimo cha binadamu, nami nikamtii: nilipunguza ukubwa wa herufi.

Basi bahasha ile ilikuwa mezani ikingoja siku nitakayopita posta. Ndipo akaja Mama Phelesia.

Mama Phelesia anauza samaki soko la Rangwe. Ni mama wa makamo, Mkatoliki, na ana sauti inayoweza kumsimamisha mtu aliye ng'ambo ya barabara. Siku hiyo lakini aliingia kimya, akaweka mezani kitu kilichofungwa kwa leso, akakifungua pole pole. Ilikuwa picha ya baba yake ndani ya fremu. Mzee Paulo alifariki zamani, Phelesia akiwa bado msichana. Mwaka huu watoto wake wamejikakamua wamelijenga kaburi lake kwa saruji, na misa ya ukumbusho ikapangwa Jumamosi tarehe saba Novemba. Walitaka picha kubwa ya kubebwa mbele ya watu. Na picha yenyewe ilikuwa hiyo moja tu duniani. Wajukuu kumi na tisa, hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona babu yao.

Mvua zile kubwa za mwaka jana zilikuwa zimevuja kwenye paa lake. Picha ilikuwa imelowa, ikavimba, ikagandamana na kioo cha fremu. Uso ulikuwa na madoa kama ukuta wa jikoni, na kinywani, pale chini Mzee alipokuwa anacheka, palikuwa na doa jeusi kubwa kuliko yote.

Nilimwambia, "Mama, nenda ukauze samaki wako. Utamkuta akiwa mzima."

Niliiweka kwenye skana hivyo hivyo na kioo chake, ikaingia vizuri. Ningeishia hapo. Lakini mimi ni Orpah, nataka kazi safi, nikasema ngoja niibandue kwenye kioo niiskani tena bila ukungu. Nikaibandua. Juu ilikubali. Chini ikakataa, na midomo na kidevu cha Mzee Paulo vikabaki kwenye kioo. Sikushtuka. Ile ya kwanza si iko ndani ya kompyuta? Kioo nikampa Magige, fundi seremala wa mlango wa pili, Mkuria wa Kegonga anayenitengenezea fremu. Yeye hukusanya vioo vya zamani, anavikwangua kwa wembe na maji ya sabuni, anavikata upya.

Kisha nikavuta pazia. Unajua sipendi kutazamwa nikifanya kazi. Kwa siku tatu nilifuta madoa, moja baada ya jingine, mpaka nikafika kinywani. Lile doa jeusi nilipambana nalo asubuhi nzima. Meno ya juu yalionekana, ya chini hayakuwapo kabisa. Nikatafuta kwenye picha zangu mtu mwenye meno mazuri, nikampata karani mmoja kijana aliyecheka vizuri siku ya harusi yake, nikaazima meno yake sita ya chini, nikayapunguza, nikayatia kivuli kidogo, nikampandikiza Mzee Paulo. Mokua, kazi ilikuwa nzuri! Hata daktari wa meno angepita bila kugundua. Nikaihifadhi picha juu ya ile ya kwanza, kama ninavyofanya siku zote kwa sababu kompyuta imejaa, nikaifunga, nikachapisha.

Najua umeshaelewa. Nangoja umalize kucheka.

Umemaliza? Sasa sikiliza. Nimeishi na Wajaluo tangu Baba alipotuhamishia huku nikiwa darasa la tatu. Najua kwamba wazee wao wa zamani waling'olewa meno sita ya chini wakiwa vijana, na kwamba hilo halikuwa pigo wala ugonjwa. Ndivyo kijana alivyokuwa mtu mzima. Nimepiga picha za wazee kama hao mia na zaidi, na kila mmoja nilimwambia cheka, Mzee, ukapendeze. Najua jambo hilo kama ninavyojua jina langu. Lakini nilipokaa mbele ya skrini sikuona mzee. Niliona doa, na madoa ndiyo kazi yangu.

Mama Phelesia alikuja kuichukua siku ya Alhamisi. Aliitazama muda mrefu. Akasema, "Ni safi sana." Akairudia tena, "Ni safi," akaifunga kwa leso akaenda. Nami nikadhani ameishiwa maneno kwa furaha! Siku hiyo nilitembea hapa Rongo kichwa juu mpaka jioni.

Jumatatu nikifungua mlango nikamkuta ameketi kwenye baraza langu. Picha iko magotini.

"Nyar Kisii," akaniambia, na hivyo ndivyo wanavyoniita, binti wa Kisii, "waya anauliza haya meno ni ya nani."

Waya ni shangazi. Mzee Paulo ana dada mmoja aliye hai, Bibi Priscah, anayekaribia miaka tisini.

Mimi bado nilikuwa juu ya mti wangu. Nikamjibu, "Ni yake, Mama. Yalikuwa yamefunikwa na doa, nikayafungua."

"Hakuwa nayo."

"Hakuwa nayo vipi?"

Hakupaza sauti yake ile ya sokoni, na ndiyo maana niliogopa. Kisha akavuta mdomo wake wa chini kwa kidole, akanionyesha mahali.

Ndugu yangu, nikakaa kando yake kwenye baraza, nikashika kichwa. Akaniambia kwamba Bibi Priscah ameitazama picha na kusema huyu si kaka yake, huyu ni mtu wa ofisini anayefanana naye. Na kwamba wajukuu wameshaizoea. Mmoja amesema, kumbe babu alikuwa mtanashati. "Wao hawakumwona," Phelesia akasema. "Wakimjua kwa uso huu, basi ndio uso wake. Sisi tuliomjua tunakwisha." Nilimwomba radhi pale pale, barazani, watu wanapita.

Nikakimbilia kompyuta. Picha ya kwanza haimo, nimeifunika kwa mkono wangu. Picha ya karatasi haina kidevu. Na kioo nimempa Magige.

Sijawahi kukimbia na viatu vya kazi tangu nizae Trizah. Magige alikuwa anakwangua vioo. Vitatu vilikuwa vimeegemezwa ukutani vinang'aa kama maji. Nikamwuliza kile cha wiki juzi kiko wapi, kilichokuwa na picha imegandamana. Yule mtu akapumzisha wembe, akanitazama kutoka chini hadi juu.

"Mwenye kufufua wafu," akasema, "leo umekuja kwangu kutafuta kidevu?"

"Magige, nitakupiga na randa yako hii. Kiko wapi?"

Akajikuna. Akasema sehemu ya juu ameikata, ameitia kwenye fremu ya kalenda ya mteja. Ya chini ilikuwa na uchafu mgumu, akaona itamlia wembe bure, akaitupa kule kwenye maranda. Nikapiga magoti. Mimi, Orpah Nyakerario, mwenye studio, nilipiga magoti kwenye maranda ya mbao nikapekua kwa mikono, na Mama Phelesia akaja akapiga magoti upande wa pili, na Magige mwenyewe akaona aibu akainama. Nilikatwa kidole hiki cha shahada, ndiyo sababu mwandiko wangu umelala upande. Lakini nilikipata! Kipande kirefu kama kiganja, na ndani yake midomo ya Mzee Paulo, inacheka, na pengo lake katikati, wazi kabisa, haijaguswa na wembe.

Nilimwambia Mama Phelesia aende sokoni, nitamwita. Akasema, "Siendi." Basi kwa mara ya kwanza tangu nifungue studio hii, mtu mwingine aliketi ndani ya pazia. Nilimpa kigoda kando yangu, naye akaweka mkoba chini na kukaa kama mtu aliyefika kwake.

Siku nne tulikaa hivyo. Nilikiskani kile kioo, nikaunga kidevu na uso. Na yeye ananiongoza. "Hapo shavu limejaa, alikuwa mwembamba." "Hapo, hapo hapo, acha." Mstari ule karibu na pua nilitaka kuufuta, akanipiga mkono, akasema huo aliupata kwa kukunja uso juani, mtu wa jembe. Kumbe nusu ya nilichokuwa nafuta ilikuwa mali ya Mzee!

Na mara nyingi aliniambia, "Ebu rudisha ilivyokuwa mwanzo, nione tena." Nami namjibu, "Mwanzo haupo, Mama." Maana programu yangu inarudi hatua moja, na mimi nimeshapiga hatua nane. Inabidi nianze upya, na kusubiri mashine ipumue, na stima nayo Jumanne ilizimika mchana kutwa. Mara sita nilianza upya. Hakulalamika. Lakini kufika Jumatano niliona anaanza kunyamaza. Anaona kitu hakijakaa sawa, anafungua mdomo, anafunga. Nikamwuliza, "Mama, kuna nini?" Akasema, "Hapana. Naona utachoka." Hapo, Mokua, niliumia kuliko siku ya meno. Alikuwa ananionea huruma kwa gharama ya uso wa baba yake.

Nikamwambia aseme. Akasema ni jicho. Nikaanza upya mara ya saba.

Alhamisi saa kumi jioni tulimaliza. Sitakuficha, ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na sioni aibu kujisifu, kwa sababu safari hii nusu ya sifa ni ya muuza samaki. Mama Phelesia aliiangalia ikitoka kwenye printa, mstari kwa mstari, paji la uso, macho, pua. Kinywa kilipotoka akaweka mkono kifuani. Akasema kwa Kijaluo, kwa sauti ya mtoto, "Wuonwa." Baba yetu. Kisha akalia na mimi nikalia, na Magige akaleta fremu, akatukuta hivyo, akaiweka mlangoni akaondoka bila utani hata mmoja.

Misa ilikuwa jana. Mimi sikwenda kwa sababu ya Sabato. Leo asubuhi ameniletea samaki watatu wakubwa wa ziwani na habari zote. Anasema picha ilibebwa mbele na wajukuu wawili, na walipofika kaburini wakamsogezea Bibi Priscah, maana haoni mbali. Bibi aliitazama. Akaisogeza karibu zaidi. Kisha akafungua kinywa chake mbele ya padre na watu wote, akaonyesha pengo lake mwenyewe kwa kidole, halafu la kaka yake, akacheka mpaka ikabidi ashikwe. Akawaambia watoto kwamba waling'olewa mwaka mmoja, na kwamba Paulo alilia, yeye hakulia. Wajukuu hawakuwa wamewahi kuisikia hadithi hiyo. Phelesia anasema sasa wanamwita babu aliyelia, na wanampenda.

Basi jibu langu, nalo nililipima vizuri kabla ya kuliandika, kwa sababu sitaki useme nimeshindwa na mashine. Toleo lako jipya lisingeniokoa na kosa langu. Wewe mwenyewe uliandika kwamba ukishaifunga picha, ile orodha ya hatua inafutika, na mimi nilikuwa nimeifunga na kutembea nayo mjini kichwa juu. Kosa lilikuwa la jicho langu. Hakuna toleo la hilo.

Lakini nimeamua tangu sasa mwenye uso wake ataketi kando yangu. Pazia nimelitoa, Trizah ameshalishona kuwa mto. Mtu akileta baba yake, akae, aniambie hili ni doa na hili ni baba. Na mtu huyo hawezi kukaa siku nne akiniangalia naanza upya, wala sitaki anyamaze tena kwa kunihurumia. Akiniambia "rudisha ilivyokuwa," nataka nirudishe hapo hapo, aone, aseme, turudi tena hata mara ishirini. Mimi sihitaji hatua zako ishirini, wao wanazihitaji. Kwa hiyo ndiyo, Mokua. Linunue. Ile barua yenye stempu nimeichana leo.

Ningemaliza hapa, na ungekuwa umeshinda. Lakini Mama Phelesia alipoondoka nilichukua kitambaa nipanguse picha za ukutani. Ile ya marehemu Baba iko katikati, kubwa kuliko zote, kazi yangu ya kwanza ya maana kwenye kompyuta. Niliifanya wakati wa matanga, kabla ya mazishi, nikakutumia nakala kwa kuwa hukuweza kuja kumzika. Uliniandikia kwamba nimemfanya kijana. Barua hiyo nimewaonyesha wateja, usinicheke.

Nilimpangusa Baba uso, na uso hauna kovu.

Unajua kovu ninalosema, lile la juu ya jicho la kushoto. Ulikuwa na miaka minne, surua imekushika kifua, akakufunga mgongoni kwa shuka, akapanda baiskeli alfajiri kukupeleka hospitali. Kwenye ule mteremko wa daraja baiskeli ikateleza. Angeangukia mgongo asingeumia sana, lakini mgongoni ulikuwapo wewe. Akajitupa mbele, akapokea jiwe kwa uso. Mama anasema ulipopona ulikuwa hulali mpaka uliguse kovu hilo kwa kidole. Nami nililifuta kwa dakika mbili. Sikumbuki hata kuwaza. Nilisafisha, nikahifadhi juu ya ile ya kwanza. Karatasi yenyewe Mama aliitia mfukoni mwa koti la Baba, Baba akazikwa nayo, na picha nyingine zote tulizo nazo amevaa kofia. Unajua hakuivua ila kanisani.

Nakuuliza, na unijibu kweli: ulipoipokea, hukuona? Au uliona, ukanyamaza, usiniumize?

Unayo picha yake ndogo ya kitambulisho. Ulimwomba siku ile ya kuondoka, 1991, ukaitia ndani ya pasipoti. Pale alivua kofia kwa kuwa serikali haitaki kofia. Mpe Bichage anibebee. Mpe na programu, na memori. Namba ya kadi ya toleo langu la zamani, ya kupatia ile bei nafuu, nimeiandika nyuma ya ukurasa huu. Lakini kama mzigo utamzidi na ikabidi aache kitu, aache programu.

Nisalimie Roseline, umwambie shingo asiifunge kitambaa chenye unyevu. Levi mbusu kwa ajili ya bibi yake, na kwa ajili ya Trizah, anayetaka picha yake mpya aionyeshe wenzake. Monari anakusalimu, na Magige pia, ingawa humjui. Anasema ndugu wa Orpah ni mtu wa kuombewa. Mama nitamwambia habari ya kovu nikishaipata picha hiyo mkononi, si kabla.

Bwana akulinde kwenye hiyo baridi, akuzidishie kazi ya mikono yako, na akulete nyumbani Mama angali anatembea bila kushikwa mkono.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Orpah Nyakerario